Mbuzi wa Kukataa

Mbuzi wa kunivunjia ndoa alifungwa kwenye mti wa parachichi tangu saa mbili asubuhi, na kufika saa nne alikuwa amemaliza majani yote ambayo kamba ilimruhusu kuyafikia. Baada ya hapo alisimama akanitazama. Nilimtazama pia. Hatukuwa na ugomvi, mimi na yeye.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Baba yangu, Mzee Ndambuki, alikuwa amevaa koti lake la kanisani juu ya suruali ya shamba. Kando yake alikaa mdogo wake, baba mdogo Ngui, aliyeitwa awe shahidi. Baba mdogo ana duka la hadwea pale Tala, na Jumamosi ndiyo siku mafundi wananunua misumari, kwa hiyo alikuwa anaangalia saa kila mara.

"Ndambuki, huyu kijana alisema atakuja saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na huko jela hawakumfundisha saa?"

"Jela ni kengele," baba akasema. "Si saa."

Kwetu Ukambani, mwanamke haolewi mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa baba yake. Unaweza kukaa na mwanamume miaka kumi, mzae watoto sita, lakini bila ntheo wewe ni mgeni tu katika boma lake. Masila aliwaleta wangu watatu. Aliwaleta kwa mguu kutoka barabarani, mmoja akimbeba mabegani kwa sababu alikataa kutembea, na kijiji kizima kikasimama kwenye ua kumwona bondia aliyetoka kwenye tivii akiwa amekojolewa shingoni na mbuzi.

Na jinsi ndoa inavyoingia kwa mbuzi, ndivyo inavyotoka. Baba wa mwanamke anamrudishia mume mbuzi mmoja. Anaitwa mbuzi wa ulee, mbuzi wa kukataa. Mwanamke anaulizwa mbele ya shahidi kama anamkataa mume wake. Akisema ndiyo, mume anapokea kamba mkononi mwake mwenyewe, na imeisha. Hakuna korti, hakuna wakili.

Baba alimnunua huyu mwezi uleule Masila alipofungwa. Alikuwa mbuzi jike mchanga, bado hajazaa, mweupe, sikio moja la kahawia. Lakini mbuzi wa kukataa hapelekwi jela, na wazazi wa Masila wote walikuwa wameshazikwa, kwa hiyo hakukuwa na mkono wa kupokea kamba. Baba akaamua kungoja. Akatuwekea sheria hapa nyumbani, akiihesabu kwa vidole: mbuzi wa ulee hachinjwi, haazimwi, hakamuliwi. Anakaa tu, mpaka mwenyewe atoke.

Mwenyewe alifungwa miaka minne, akatoka baada ya miaka miwili na miezi minane. Alitoka Jumanne. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Mbithe," baba aliniita kwa sauti ya chini. "Utaulizwa mara moja tu. Usianze kulia."

"Sitalia."

"Ulisema sawa."

"Nilisema, baba."

Nilikuwa nimesema sawa jana jioni, jinsi ninavyomwambia supavaiza wangu sawa kule kiwanda cha nguo cha EPZ, Athi River, anapotuongezea mzigo. Ninashona zipu za jinzi. Unasema sawa, unainamisha kichwa, zipu inayofuata inakuja. Mtoto wangu Wanza nilimwacha hapa kwa mama akiwa na miezi mitatu, kwa sababu zamu za kiwanda hazijui kunyonyesha, na maziwa yangu yakakauka kabla sijazoea kulala peke yangu. Kila mwisho wa wiki nilimletea maziwa ya pakiti. Siku za katikati nilikuwa darasa la jioni, mpaka nikaumaliza ule mtihani wa kidato cha nne nilioukimbia nikiwa msichana. Hivyo ndivyo nilivyoivuka hiyo miaka. Sikuivuka vizuri, lakini niliivuka.

Kutoka jikoni nilisikia mama akimwambia Wanza akae kimya. Mama yangu, Kamanthe, alikuwa amejifungia humo tangu asubuhi, na si kwa hasira. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso ovyo. Tunaita nthoni, heshima iliyochanganyika na aibu. Masila hajawahi kuushika mkono wa mama. Hata siku ya ntheo walisalimiana ukuta ukiwa katikati.

Tukasikia pikipiki.

Haikuishia barabarani. Ilikuja mpaka getini ikipiga honi, na kabla hajashuka mtu, dereva wa boda akapaza sauti kijiji kizima kisikie:

"Shukuru Mungu wako, nimekuja nikiwa nimeshiba!"

Kisha akacheka peke yake. Hapa kwetu hakuna aliyecheka.

"Kaloki, enda," nilisikia sauti ya Masila ikisema.

"Aki Komesha, moja tu! Sema wewe mwenyewe nirekodi. Mtu wangu hataamini nimekubeba."

"Enda, tafadhali."

"Sawa, boss. Lakini umekuwa mgumu siku hizi."

Pikipiki ikaondoka. Masila akabaki amesimama getini na mfuko wa karatasi wenye vitu vyake vya jela mkononi, na mimi nikamwona mume wangu kwa mara ya kwanza tangu afungwe bila wavu wa chuma katikati yetu.

Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa la zamani, lile la buluu nililompigia pasi siku ya mwisho aliyoigiza, na sasa lilimkalia kama la kuazima. Pua yake iliyovunjika ilikuwa palepale. Macho yake yalinitafuta, yakanipata, yakashuka haraka hadi kwenye viatu vyangu. Moyo wangu ulifanya kitu. Sikuuruhusu kufanya zaidi ya hicho.

Acha niwaambie huyu mtu alikuwa nani, kwa sababu wengi mnamjua Komesha na hamumjui Masila.

Masila alikuwa mkata mawe kule Lukenya. Nilipokutana naye alikuwa mweupe kwa vumbi, kope nyeupe, meno tu ndiyo yenye rangi yake. Jioni alikuwa anapigana ndondi katika ukumbi mmoja Athi River, baadaye ngumi na mateke, na mkono wake wa kushoto ulipata jina kabla yeye mwenyewe hajapata: Nyundo. Siku aliyoniambia ananipenda tulikuwa tumekaa juu ya jiwe lililokataliwa na lori. Hakuniangalia. Aliangalia vifundo vya mkono wake wa kushoto, akavisugua kwa kidole gumba, akasema, "Mimi... kama wewe uko tayari, mimi niko," na neno la mwisho akalimeza. Nilimwelewa. Sikuhitaji alirudie.

Halafu watu wa tivii wakaja wakitafuta jambazi mwenye pua iliyovunjika kweli. Wakampa jina la Komesha na maneno yale ya kushiba ambayo Kaloki alikuja akiyapigia kelele. Misimu miwili. Akafundishwa kutazama watu machoni, kusema neno mpaka mwisho, kutoa machozi akiambiwa. Alikuwa hodari. Nilikuwa nakaa mbele ya tivii namwona akimlilia mama yake wa uongo, machozi yaleyale aliyoyatoa alipomzika mama yake wa kweli, na nikaanza kuogopa kidogo.

Kipindi kikaisha. Mkono wa kushoto ukavunjika ulingoni, ukaungwa vibaya, vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Bondia hakuwepo tena, mwigizaji hakuitwa tena. Lakini Komesha alikuwa bado anaitwa. Kila alipopita, watu walitaka aseme. Walimnunulia chai aseme. Kuna wanaume wanne ambao walimpenda sana Komesha kuliko wengine, wakamwambia wana kazi inayomfaa yeye. Masila hakuwa na kazi. Komesha alikuwa nayo.

Walienda kumwibia Khadar, mfanyabiashara wa mifugo, kwenye zizi lake, mchana. Masila alitangulia na kitambaa usoni, akasema maneno yale. Khadar akacheka. Alikuwa anakipenda kile kipindi, yeye na mkewe Ilwad. Akauliza, "Kamera iko wapi?" Akasogea pembeni ili asiharibu picha.

Masila akampiga ngumi moja.

Kortini Khadar alikuwa bado na waya kwenye meno. Alipoulizwa alimtambuaje mtu aliyefunika uso, alirudia maneno yale polepole, na watu waliojaa mle ndani wakacheka. Alingoja wamalize kucheka, kisha akaendelea na ushahidi wake. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilimwangalia Masila kizimbani nikitaka kujua kama anasikia. Alikuwa amekaza uso kama Komesha. Nikaenda kumwona jela mara mbili, na mara zote mbili nilizungumza na Komesha. Sikurudi.

"Ingia," baba akasema. "Geti si la kuangaliwa."

Masila akaingia. Akasalimia wazee kwa mikono miwili. Kwangu akasema tu, "Mama Wanza."

"Masila," nikajibu.

Akageukia jikoni, akasema kwa heshima, akiuelekea ukuta aliko mama, "Mwaitu, habari ya siku nyingi."

"Nzuri, mwanangu," ukuta ukajibu. "Umekula?"

"Kamanthe," baba akaonya.

"Nimeuliza tu kama amekula! Hata mfungwa anaulizwa!"

Baba mdogo Ngui akakohoa. "Mimi niko na duka," akasema. "Tuanze."

Masila hakukaa. Aliweka mfuko chini, akarudi hatua mbili, na nikajua. Nilijua kutokana na zile hatua mbili. Alikuwa anajitafutia nafasi.

"Wazee wangu," akaanza, na sauti ikatoka nzito, safi, kila neno limevaa viatu. "Mbele yenu amesimama mtu mwingine. Yule mliyemjua nimemzika kule ndani, na kaburi lake nimelichimba kwa mikono hii. Nimelala sakafuni miaka miwili nikilitaja jina la mke wangu kama sala. Nilimwacha na mtoto tumboni. Nilimwacha na aibu mabegani. Sikuja kuomba nirudishiwe nilichokitupa. Nimekuja kuinama nikiokote, hata kama kimevunjika, hata kama kitanikata."

Akaniangalia machoni. Macho yakajaa maji, pale pale kwenye neno la mwisho.

Baba mdogo Ngui alitoa leso. Baba aliangalia chini, akasugua goti.

Mimi nilikuwa nimeshayaona machozi hayo kwenye tivii.

"Nani amekuandikia?" nikauliza.

"Nini?"

"Hayo maneno."

Akaangalia mfuko wake. "Mimi mwenyewe."

"Umeyakariri muda gani?"

Baba mdogo akasema, "Mbithe, mwache mtu..."

"Baba mdogo, ngoja. Masila, muda gani?"

Machozi yalikuwa bado yako machoni, hayajui kama yashuke au yarudi. "Miezi minne," akasema.

"Lakini yalikuwa mazuri," baba mdogo Ngui akasema, akikunja leso yake.

"Ni mazuri," nikakubali. "Hiyo ndiyo shida yangu."

Mtu ambaye ameishiwa na maneno aliyoandaa ana sura fulani, kama mtu aliyeshukishwa njiani kabla ya kufika kwao. Nilimhurumia. Kumhurumia na kumwamini ni vitu viwili, na mimi nilikuwa na mtoto wa kumlea.

Baba akasimama. Akaenda kwenye mti wa parachichi, akafungua kamba, akamvuta mbuzi hadi katikati ya ua. Mbuzi alikuja bila ubishi, maziwa yake makubwa yakicheza kati ya miguu. Baba alimsimamisha kati yangu na Masila.

"Masila wa Maundu," akasema, akitaja jina la babake marehemu jinsi inavyotakiwa. "Ulileta ntheo hapa, tukapokea. Hatujasahau. Sasa Ngui yuko hapa ashuhudie. Mbithe, binti yangu, unamkataa huyu?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na neno mdomoni, neno moja, dogo. Nilipanga nilitoe na kurudi kwa zipu zangu Jumatatu nikiwa mtu huru. Nikamwangalia Masila mara ya mwisho, na yeye hakuwa ananiangalia. Alikuwa ananyoosha mkono, wa kushoto, ule mbovu.

"Nipe kamba, mzee," akasema. "Usimlazimishe aseme. Ni haki yake."

Baba hakutegemea hilo. Wanaume huomba, hubisha, huleta shangazi zao. Akabaki ameshika kamba. Masila akaipokea polepole, akaizungusha kiganjani kwa sababu vidole viwili haviwezi kushika.

Hapo mlango wa jikoni ukagonga ukuta na Wanza akatoka mbio.

Alikuwa na kikombe chake cha bati. Hakumwangalia babu yake, wala mimi, wala yule mwanamume mgeni. Alikwenda moja kwa moja kwa mbuzi, akachuchumaa ubavuni mwake, akakiweka kikombe chini ya maziwa kwa mikono miwili, akangoja. Mbuzi akatanua miguu ya nyuma akatulia. Hakuna mnyama anayefanya hivyo siku ya kwanza.

"Susu!" Wanza akamwita nyanya yake. "Kuja kamua!"

Baba aliangalia kikombe. Akaangalia mbuzi. Kisha akageuza shingo polepole kuelekea jikoni.

"Kamanthe."

"Niko hapa," ukuta ukasema.

"Huyu mtoto anafanya nini?"

"Si unaona? Ana kiu."

"Kamanthe! Mbuzi wa ulee hakamuliwi! Niliisema hiyo sheria mara ngapi?"

"Uliisema mara nyingi, Ndambuki. Na mtoto alikuwa anatapika mara nyingi." Mama akapandisha sauti. "Yale ya pakiti yalimkataa. Mama yake yuko Athi River, wewe uko shambani, mimi niko na mtoto wa miezi minne ambaye shingo yake haibebi kichwa. Ningefanya nini? Mbuzi alikuwa amezaa, maziwa yanamwagika. Nikamkamulia kikombe kimoja. Akakunywa, akalala. Kesho yake nikamkamulia tena."

"Miaka miwili?"

"Kila asubuhi, ukienda kukata nyasi."

"Na yale ya pakiti?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Mama, yale niliyokuwa naleta kila wiki?"

Jikoni sufuria ikasogezwa.

"Nilikuwa nampa paka," mama akasema.

Baba mdogo Ngui alicheka. Alijaribu kuzuia, akashindwa, akajifuta macho kwa ileile leso. "Ndiyo maana!" akasema. "Nilikuwa najiuliza yule paka ni wa hoteli gani!"

Sikucheka. Nilikuwa naangalia miguu ya mwanangu, mifupi, minene, yenye mikunjo magotini. Kila wiki niliporudi nilikuwa naishika nikijiambia, kazi yangu inalipa, maziwa yangu ya pakiti yanamjenga. Kumbe alijengwa na huyu. Mbuzi aliyenunuliwa amtenge na baba yake.

Baba alikaa kwenye kiti. Alionekana mzee ghafla, koti la kanisani likimpanda mabegani.

"Ngui," akasema. "Hii inakuwaje?"

"Huyu hawezi kurudi," baba mdogo akasema, sasa bila mzaha. "Mbuzi wa kukataa ni yule ambaye hajaguswa. Huyu ameguswa, na si na mtu mwingine, ni na mtoto wa mwenyewe. Utamwambiaje mtu chukua mbuzi wako tumemaliza na wewe, na damu yake imekua kwa maziwa ya huyohuyo? Wazee wa Kangundo watatucheka mpaka Krismasi."

"Najua."

"Hakuna kitu kilichofanyika hapa leo. Mimi sijashuhudia chochote." Akaangalia saa. "Na misumari yangu inauzwa na shetani."

Lakini hakuondoka.

Masila alikuwa bado ameshika kamba. Alikuwa anamwangalia Wanza. Nafikiri mpaka wakati huo hakuwa amejiruhusu. Wanza alichoka kungoja nyanya, akamwangalia yule mtu aliyeshika mbuzi wake, akamnyooshea kikombe.

"Shika," akamwamuru.

Akakishika kwa kushoto. Kikaponyoka kikaanguka, kikaviringika hadi miguuni kwangu. Wanza akamkodolea macho kama fundi anavyomwangalia mwanafunzi mzembe.

"Ni mkono," Masila akamwambia. "Haufungi."

Akachuchumaa, urefu wake ukawa sawa na wa mtoto. Akaanza kusugua vifundo vyake kwa kidole gumba. Nilikiona kile kidole gumba.

"Nilitoka Jumanne," akasema, si kwangu hasa, si kwa mtu. "Ningekuja siku hiyo. Nilienda... nilienda kwa Khadar kwanza."

Baba akainua kichwa.

"Ilwad alifungua, akaniona, akafunga. Nikasimama hapo nje. Sikujua niende wapi, kwa hiyo nikasimama. Saa tisa Khadar akatoka mwenyewe. Taya yake... imekaa upande. Anaongea vizuri lakini imekaa upande." Akasugua kifundo. "Akanifungulia geti nikaingia hatua moja. Akaniambia, sema yale maneno."

"Yapi?" baba mdogo akauliza, ingawa alijua.

"Yale. Akasema anataka kuyasikia tena akiwa amesimama, akiwa ananiona uso. Akasema mkewe hawashi tivii tangu siku hiyo."

"Ukasema?" nikauliza.

"Sikuweza. Mdomo ulikauka. Mimi ambaye niliyasema kwa chai. Nikajaribu, nikafika kwa 'shukuru', nika..." Alimeza neno. Hakulirudia.

"Khadar akafanya nini?"

"Alingoja. Alingoja sana. Halafu akasema, 'Funga geti ukitoka.'"

"Basi?"

"Basi. Nikafunga geti."

Hakuniangalia. Macho yake yalikuwa makavu. Sauti ilikuwa mbovu, inakwaruza, mwisho wa kila sentensi umeliwa. Ilikuwa ileile sauti iliyoniambia jambo moja juu ya jiwe kule Lukenya, kope zikiwa nyeupe kwa vumbi. Sikuwa nimeisikia kwa miaka mitano. Nilikuwa nimedhani ndiyo aliyoizika kule ndani.

Niliinama nikaokota kikombe. Nikakisuuza kwa maji ya mtungi, nikachuchumaa upande wa pili wa mbuzi.

"Mimi sijui kukamua," nikasema. "Miaka yote ya mbuzi huyu sijui kumkamua."

"Anza juu!" mama akapaza sauti kutoka ndani. "Bana juu kwa kidole gumba, halafu ufunge vidole kimoja kimoja! Usivute, wewe, si zipu hiyo!"

"Mama, unanionaje?"

"Kuna tundu!"

Masila alisogea, akamkumbatia mbuzi shingoni ili asitembee. Kichwa chake kilikuwa karibu na changu. Alinuka sabuni ya kipande na jua. Maziwa yakagonga bati, tsi, tsi, membamba, na Wanza akawa anahesabu vibaya, moja, mbili, tano.

"Mbithe," akasema kwa sauti ya kwangu peke yangu.

"Usiseme kitu kizuri."

"Sina."

"Vizuri."

Kikombe kikafika nusu.

"Nitaenda wapi?" akauliza baadaye.

"Lukenya bado wanakata mawe. Una mkono wa kulia."

"Na nyinyi?"

Niliangalia kikombe. Ningependa kuwaambia nilimkumbatia. Nimesoma vitabu vingi ambavyo wanakumbatiana hapo, na nikiwa kiwandani, sindano ikipanda ikishuka, niliota hilo kumbatio zaidi ya mara moja. Lakini mkono wangu ulikuwa umejaa ziwa la mbuzi, na nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa ya haki.

"Mimi niko hapa kila Jumamosi," nikasema. "Mtoto pia. Geti unalijua. Ukija Masila, utakunywa chai. Ukija Komesha, usimwachilie Kaloki aende, atakurudisha."

"Jumamosi," akarudia. "Hata Jumamosi ijayo?"

"Iko ndani ya Jumamosi zote, si ndiyo?"

Aliweka uso wake kwenye shingo ya mbuzi. Mabega yake yalitikisika mara moja. Hakugeuka ili tumwone, na hilo nililihesabu.

Wanza alipokea kikombe, akanywa bila kupumua, akajipaka povu puani. Akamfikiria yule mgeni kwa muda. Kisha akamnyooshea kilichobaki, matone mawili matatu ya chini. Masila akapokea kwa mkono wa kulia. Akanywa.

Baba alikuwa amesimama. Alivua koti la kanisani, akalikunja juu ya kiti, akabaki mkulima tena. Hakumwangalia Masila. Aliangalia ukuta wa jikoni, kisha mbuzi mweupe mwenye sikio la kahawia, kisha mimi. Baba yangu si mtu mbaya. Alinipeleka shule mpaka nilipoikimbia, na nilipomwambia nataka kusoma jioni, alininunulia taa.

"Msidhani imeisha," akasema. "Nitatafuta mbuzi mwingine."

"Tafuta, baba," nikamwambia. Nilimfungulia mbuzi kamba shingoni, akatembea kwenda kwenye nyasi, Wanza nyuma yake. "Lakini tafuta polepole."